Ufunguo wa Nyumba ya Mzee

Somo: Yohana 21:15-19

 

Katika somo letu Bwana Yesu alimkumbusha Petro kwamba ujanani alijivika mwenyewe na kuchagua njia yake, lakini zaja siku za uzee ambapo wengine watamvika na kumwongoza mahali asipopapenda. Yohana aeleza kwamba hapo Bwana alinena habari za kifo cha Petro. Hata hivyo, kila mzee ayasikiaye maneno hayo huyaelewa upesi.

Wazee wetu wengi walikuja Nairobi, Mombasa au Nakuru wakiwa vijana. Wakafanya kazi katika reli, bandari, shule na hospitali, wakastaafu, nao wangali wakikaa katika nyumba za ghorofa. Kanisa lao liko hapo, na rafiki zao, na zahanati yao. Wanajipikia, wanajifulia, na sokoni wanakwenda wenyewe. Ndipo watoto hukutana na kukata shauri: "Mama hawezi kukaa peke yake. Tumrudishe shambani." Na mara nyingi mama mwenyewe hakuulizwa.

Ndugu, amri ya tano yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Je, kumnyang'anya mzazi ufunguo wa mlango wake ni kumheshimu? Bartimayo alipoletwa mbele ya Yesu, kila mtu aliona kwamba yu kipofu. Lakini Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Basi nasi tuulize kwanza, kisha tusikilize jibu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yataka watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi waishi kwa heshima, washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na wapate utunzaji ufaao kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Angalieni: kushiriki na kutunzwa, yote mawili. Yuko amtunzaye mzee kama mtoto mchanga, na yuko amwachaye peke yake akisema, "Amezoea." Wote wawili wamekosa.

Majengo yetu mengi ya ghorofa nne au tano hayana lifti. Mzee wa ghorofa ya juu akiumwa magoti, nyumba yake yageuka gereza. Maji yakikatika, nani atampandishia dumu? Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Waisraeli wajenge ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu wetu ajali hata dari na ngazi! Basi tumsaidie mzee apate nyumba ya chini. Tumtilie chuma cha kushikia bafuni, na taa yenye mwanga wa kutosha ngazini. Akikubali, jirani mwaminifu awekewe ufunguo wa pili, na wapatane kwamba pazia lisipofunguliwa asubuhi, atabisha hodi.

Huko Marekani, tangu sheria ya nyumba ya mwaka 1959, Serikali imesaidia vyama visivyotafuta faida, yakiwamo makanisa mengi, kujenga nyumba za ghorofa kwa ajili ya wazee wenye mapato madogo, wa miaka 62 na zaidi. Mpangaji ana mlango wake na jiko lake, na jirani zake ni wa rika lake. Makanisa yetu pia yana viwanja. Tunapojenga maduka ya kupangisha, je, tumekumbuka kutenga vyumba vichache vya chini kwa ajili ya wajane na wastaafu?

Lakini nyumba peke yake haitoshi. Yesu alipokuwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake, naye akamchukua kwake. Alimpa mtu, si dari tu. Basi kikundi cha maombi kipande ngazi, kikutane kwa mzee. Tena mzee apewe kazi kanisani: kuwafundisha vijana, kuwaombea wagonjwa kwa majina. Penye wazee haliharibiki neno.

Nanyi baba na mama zetu, tunawasihi: mkianguka, msifiche. Kupokea msaada si aibu. Bwana aliyekuwa pamoja na Petro alipojichagulia njia hakumwacha alipoongozwa na wengine.

Tuombe. Ee Baba, uwalinde wazee wakaao peke yao. Imarisha hatua zao ngazini, na utufanye sisi kuwa jirani watakaobisha mlangoni mwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.