Muwa Hauna Subira: Habari za Wakulima wa Nangwa na Maji Yao

Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa miwa, iliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache siku hii ya furaha, nasi twashukuru. Tuliagizwa tueleze habari za pahali petu na za zao letu. Chama chetu ni kidogo miongoni mwa vyama vilivyokusanyika hapa. Hatuna ghala la mbaazi kama wenzetu, wala hatuna lori. Tulivyo navyo ni kinu kimoja cha kukamulia miwa, makarai manne ya kuchemshia, mzani mmoja na madaftari ya hesabu. Lakini hata mtoto mdogo wa nyumba ana habari zake, na pengine habari zake zinawahusu wakubwa.

Nangwa ni kata ya wilaya ya Hanang, karibu na Mlima Hanang, ambao kilele chake chapita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Wageni wengi waijua kwa sababu ya shule yake ya sekondari. Mahindi, maharage, mbaazi na alizeti ndiyo mazao ya watu wengi. Miwa ni ya wachache, nayo hukaa mabondeni tu, kandokando ya vijito, katika vishamba ambavyo vingine havifiki nusu eka. Mpita njia aendaye Singida aweza kupita asiione kabisa.

Nchi hii zamani ilikuwa malisho ya Wadatoga, hasa Wabarbaig, na mlima wenyewe ni wa heshima kubwa kwao. Kisha Wairaqw, waliojaa katika vilima vya Mbulu, wakaanza kutawanyika kutafuta mashamba, na mwendo huo ukazidi wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Walikuja na ustadi wao unaojulikana: kuweka samadi shambani, kukinga udongo usichukuliwe na mvua, na kuchunga mifugo michache kwa uangalifu. Hatusemi haya ili kupima ni nani mwenye haki zaidi. Twasema ili ikumbukwe kwamba tangu hapo mwanzo watu wa namna mbili, wa jembe na wa fimbo, wamekunywa maji ya mlima mmoja.

Hadi mwaka 1969 sisi sote tulikuwa wa wilaya ya Mbulu. Ndipo Hanang ikawa wilaya. Mwaka 1985 Babati ikatengwa nayo, na mwaka 2002 ukazaliwa mkoa wa Manyara. Katika miaka hiyo mambo mawili yaliibadili nchi. La kwanza ni kuhamia vijijini, kati ya mwaka 1973 na 1976, nyumba zilipokusanywa na watu wakawa mbali na mabonde waliyokuwa wakiyatunza. La pili ni mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, yaliyolimwa na shirika la umma kwa msaada wa Kanada. Mkate ulipatikana, lakini malisho mengi yalikwenda, hata Wabarbaig wakalipeleka shauri lao mahakamani. Malisho yalipopungua, kila kijito kilichobaki kikawa na thamani kuliko zamani. Neno hili twaomba mliweke moyoni, maana tutalirudia.

Sasa tuseme juu ya muwa wenyewe. Asili yake ni kisiwa cha mbali cha Nyugini, nao ukapita bara la Asia kabla ya kufika pwani yetu. Katika karne ya 19 bonde la Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya Waarabu, yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa huko. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Wadenmark ilianzisha shamba la Arusha Chini, karibu na Moshi. Katika miaka ya 1960 Kilombero ikapata kiwanda chake. Na jirani zetu wa bonde la Kiru, wilayani Babati, wana mashamba makubwa ya miwa hadi leo.

Mahali pote hapo tajiri, kampuni au serikali ilibadilika, lakini kanuni ilikuwa moja: mwenye kinu ndiye mwenye neno. Sababu yake si siri. Mahindi yakivunwa hukaa ghalani yakingoja bei. Muwa hauna subira. Ukikatwa leo, kesho umeanza kupoteza utamu wake, na baada ya siku chache ni kuni tu. Mkulima wa miwa asiye na kinu husimama mbele ya mnunuzi kama mtu aliyeshika barafu juani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa sisi kabla ya chama. Wanunuzi walikuja na gari dogo, wakaitazama miwa ingali imesimama, wakataja bei ya shamba zima kwa macho. Hapakuwa na mzani. Mama mmoja mjane aliuza shamba lake kwa bei ya gari moja, na magari matatu yakaondoka. Alipouliza, aliambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekubali. Wengine waliona afadhali kuikamua nyumbani na kupika pombe, na madhara ya pombe ile mnayajua.

Watu 23 walikutana chini ya mti wakachanga fedha. Kitu cha kwanza walichonunua si kinu, bali mzani. Wengi walicheka wakisema mzani hauliwi. Lakini tangu siku ile kila mzigo hupimwa mbele ya mwenyewe, uzito huandikwa katika madaftari mawili, moja la chama na moja la mkulima, na asiyejua kusoma husomewa na mtoto wake. Kinu kilikuja miaka miwili baadaye. Kwa kawaida kilo 100 za miwa hutupa takriban kilo 10 za sukari guru. Hapo mwanzo tulichemsha kwa kuni za vilimani, mpaka tukaona aibu. Sasa makapi ya miwa huanikwa, nayo ndiyo yanayowasha majiko. Sukari guru ikikauka vizuri yaweza kungoja, na mkulima naye akajifunza kungoja. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo faida ya kwanza ya ushirika: kumpa mnyonge nafasi ya kusema, "Leo siuzi."

Wazee watatukumbusha kwamba ushirika si jambo jipya nchini. Sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata Wachagga wakaunda chama chao kikuu cha kahawa. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Tangu hapo sheria zimebadilika mara kadhaa. Tunayoifuata leo ni ya mwaka 2013. Wako waliopoteza akiba zao katika mabadiliko hayo, na kwa sababu hiyo walikawia kutuamini. Hatuwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mabwana na Mabibi, kama tungeishia hapa mngepiga makofi, nasi tungekwenda kula. Lakini hotuba ya sherehe isiyotaja deni ni nusu ya hesabu, na katibu hapaswi kusoma nusu ya hesabu.

Deni letu ni la maji. Muwa hukaa shambani miezi 12 hadi 18, na katika baridi yetu huenda ukazidi. Na muda wote huo hunywa. Bei ilipokuwa nzuri, kila mwanachama alitaka kuongeza mistari michache. Juu hapakuwa na maji, basi mistari ikateremka. Tulikata matete na miti ya ukingoni, tukapanda mpaka miguu ya miwa ikawa ndani ya kijito. Tukachimba mifereji bila zamu. Kisha tukazungushia ua wa miiba, na mahali pawili ua ule ukaziba njia ya ng'ombe iendayo majini. Njia ile ilikuwako kabla ya muwa wa kwanza kupandwa.

Mwaka mmoja wa ukame wafugaji walifika na mifugo yenye kiu wakakuta ua. Fimbo zilikuwa tayari mikononi, na mapanga ya kukatia miwa yalikuwa mikononi vilevile. Tunamshukuru Mungu kwamba wazee wa pande zote mbili walifika kabla ya vijana kupotelewa na akili. Walikaa siku mbili. Ua ukang'olewa, njia ikaachwa wazi, na mwenye miwa iliyokanyagwa akalipwa. Siku ile akina mama wa chini ya kijito nao walisimama, wakasema neno lililotuchoma zaidi ya maneno ya wafugaji: "Ninyi mnauza sukari, nasi watoto wetu wanachota tope." Daftari letu lilionyesha faida mwaka ule. Tope lile halikuandikwa mahali popote.

Kisha ikaja alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa sehemu ya mlima iliyolowa ikameguka, na tope, mawe na magogo yakashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hapa katika ukumbi huu wamo waliozika ndugu zao, nasi hatutatumia msiba wao kuwa mapambo ya hotuba. Hatusemi kwamba miwa ya Nangwa ndiyo iliyoubomoa mlima. Hayo yangekuwa maneno ya mtu asiye na elimu. Twasema hivi tu: tulizoea kuuona mlima kama mama anayetoa maziwa, tukasahau kwamba maji yale yale yanayotulisha huweza kushuka kwa hasira, na kwamba ukingo usio na mti wala majani hauna cha kuyazuia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 za mto na vyanzo vya maji. Sheria hiyo twaijua. Tumeisoma mikutanoni zaidi ya mara moja, kisha tukarudi kupalilia. Kwa hiyo Kamati yetu imeandaa azimio litakaloletwa mbele ya mkutano mkuu ujao, nasi twalitangaza hapa mbele ya Chama Kikuu ili tusipate njia ya kulikwepa. Kwanza, miwa yote iliyo ndani ya mita 60 ikatwe kwa mara ya mwisho msimu huu, na mashina yake yasiachwe yachipue tena. Pili, ukingo upandwe miti ya asili na matete. Tatu, maji ya mifereji yaende kwa zamu iliyoandikwa, na njia za mifugo zipimwe na kuwekewa alama. Nne, wanaopoteza mashamba wagawiwe mistari katika shamba la chama lililo juu ya bonde, wakianza na wajane na wazee.

Twajua azimio hili ni chungu. Wako wanachama ambao shamba lote walilo nalo li ukingoni. Wasije wakafikiri kwamba maneno haya yamesemwa na watu walio mbali na moto. Nasi tuliomo ofisini tunayo miwa ndani ya mita hizo. Ndiyo iliyotulipia ada mpaka tukamaliza kidato cha nne, na baba zetu waliipanda kwa mikono yao. Tumekubaliana kwamba panga la kwanza litapita katika miwa hiyo, kabla ya kugusa ya mtu mwingine yeyote.

Kwa Chama Kikuu tuna ombi moja. Hatuombi zawadi. Twaomba mkopo wa miche na wa mipira ya kupeleka maji juu, utakaolipwa kwa sukari guru katika misimu mitatu, na twaomba mkaguzi aje apime zile mita 60 mwenyewe, kwa kamba yake, si kwa yetu. Tuliwahi kupimwa kwa macho; hatutaki kumpimia mwingine kwa macho.

Miaka 10 iliyopita tulijifunza kupima miwa. Miaka 10 ijayo yatupasa kujifunza kupima maji. Muwa hauna subira, lakini mlima umetuvumilia muda mrefu, na majirani zetu wa chini ya kijito wametuvumilia vilevile. Haifai kuujaribu uvumilivu huo zaidi.

Mungu aubariki Ushirika, na azijalie chemchemi zetu zisikauke.