DAFTARI LA MSUSI

(Maneno ya Katibu wa kijiji mbele ya mkutano wa wasusi wa ushirika wetu. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya yale niliyojifunza katika kazi ya mikeka. Leo sisemi kama katibu. Nasema kama msusi mwenzenu, maana kusuka nilianza kabla sijajua kuandika jina langu.

Darasa la elimu ya watu wazima niliingia nikiwa na miaka 32, na mtoto mgongoni. Hesabu za kitabuni zilikuwa za magunia ya mahindi. Sisi wengi tulikuwa wasusi, basi tukamwomba mwalimu atupe hesabu za mkeka. Akauliza, "Mkeka mmoja unachukua saa ngapi?" Darasa zima kimya. Bei ya ukindu tuliijua, ya rangi tuliijua. Saa hakuna aliyezijua, kwa sababu tunasuka huku tunapika, huku tunazungumza, huku tunamtazama mgonjwa. Nani anahesabu saa za kuzungumza?

Tangu siku ile nikawa na daftari. Kila jioni naandika: leo nimechana ukindu na kuanika, saa mbili; leo nimechemsha rangi; leo nimesuka ukili kutoka alasiri mpaka magharibi. Mkeka mkubwa wa rangi tatu, mpaka kuushona na kuumaliza pindo, unanila saa 57. Mwaka huu nimepima tena, saa ni zile zile. Kilichopanda ni bei ya rangi tu.

Sasa tazameni jamani. Ukindu shilingi 6,000, rangi shilingi 4,000. Hiyo ni 10,000 imetoka mfukoni. Ukiuza mkeka 25,000, kilichobaki ni 15,000. Gawanya kwa saa 57: unapata shilingi 263 kwa saa, na senti kidogo. Kibarua wa palizi ukimwambia fedha hiyo hainui jembe. Ukiuza 40,000, inabaki 30,000, ambayo ni shilingi 526 kwa saa. Bado si utajiri, lakini mtu anaweza kusema amefanya kazi.

Na daftari limenibadilisha mimi mwenyewe, si mfuko tu. Mnajua tulivyolelewa: mteja akiuliza bei, unatazama chini, unasema, "Wewe utanipa ngapi?" Huo ni unyenyekevu, nao una mahali pake, lakini sokoni unamlisha mchuuzi. Siku hizi naulizwa, nataja. Mtu akishangaa, namfungulia daftari, tunasoma pamoja. Wengine huondoka, nami nimejifunza kumwacha mtu aondoke bila kumkimbilia njiani na mkeka kichwani. Hilo lilinichukua muda kuliko kujifunza herufi.

Kuna mtu mmoja ambaye napenda habari zake. Ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Alitoka kwao akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akafika Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba za kuezekea dari. Hakungoja vifaa vya wakubwa. Picha zake nyingi zilikuwa karibu futi 2 kwa futi 2. Ubao wa futi 4 kwa 8 ukiukata hivyo unapata vipande 8, hakuna kinachotupwa, na mgeni anaweza kukibeba kwapani. Picha zikiuzwa Oysterbay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu! Lakini alikuwa ameshawafundisha jamaa zake, nao wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Angeficha ujuzi wake kama baadhi yetu tunavyoficha namna ya kuchanganya rangi ya zambarau, nani angemjua? (Anayenitazama kwa jicho kali pale nyuma anajielewa.)

Basi nije kwenye jambo lenyewe. Mnunuzi aliyekuja wiki iliyopita anataka mikeka 200 kwa miezi mitatu, bei 25,000. Watu wamefurahi, na ni haki yao, kwa kuwa 200 mara 25,000 ni milioni tano. Lakini nimeketi na daftari. Sisi tupo wasusi 16. Kila mmoja akisuka saa tatu kwa siku, hizo ni saa 48. Siku 90 zinatupa saa 4,320. Gawanya kwa 57, ni mikeka 75, nayo ni kama hakuna msiba, hakuna homa, na shamba halina magugu. Mikeka 200 inataka siku 238. Mkataba wake unasema tusipotimiza idadi atakata fedha. Tutasuka usiku kwa kibatari, ukili utalegea, na mwisho tutadaiwa sisi.

Najua wapo wanaotaka fedha upesi. Shule zinafunguliwa, na sare hazingoji hesabu zangu. Mama mmoja ameniambia wazi, "Katibu, wewe watoto wako wamekua." Ni kweli, na sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana sisemi tumfukuze mnunuzi. Nasema tumjibu hivi: mikeka 60, bei 40,000, na theluthi ya fedha itangulie. Mikeka 60 ni siku 72 za kazi, tunabakiwa na siku 18 za misiba na jembe. Ikitoka gharama inabaki 1,800,000, yaani 112,500 kwa kila msusi, na ile ya kutangulia itawahi sare. Akikataa, Mweka Hazina anasema mfuko unaweza kumkopesha kila mwenye mtoto wa shule 15,000 tukitafuta soko lingine. Ni kidogo, nakubali.

Uamuzi ni wenu. Tutapiga kura Alhamisi baada ya swala ya alasiri, hapo hapo ghalani. Kila mmoja aje na saa zake za mkeka wa mwisho. Asiyejua kuandika aje na mtoto wa darasa la tatu, au aje kwangu Jumatano jioni tuandike pamoja. Kalamu ninayo.