Shayiri na Kondoo Asiyehama: Malisho, Mimea na Uharibifu wa Ardhi katika Stepi ya Algeria



Nimepewa taklifu ya kuzungumza juu ya malisho, mimea na uharibifu wa ardhi katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, nao ni mlango mpana kupita wasaa tulionao. Kwa hiyo nitazipitia upesi fasili ambazo kila mmoja wetu anazijua, kisha nitatua katika stepi ya Algeria, na huko nitalishika jambo moja ambalo nimelishughulikia kwa miaka mingi bila ya kuridhika na majibu niliyoyapata, yaani shayiri inayouzwa kwa bei ya ruzuku katika miaka ya ukame.

1. Fasili

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupambana na Kuenea kwa Jangwa, uliopitishwa Paris mwaka 1994, unaeleza kuenea kwa jangwa kuwa ni kuharibika kwa ardhi katika nchi kame, nusu kame na zile zenye unyevu haba, kwa sababu mbalimbali, zikiwamo mabadiliko ya tabia ya nchi na matendo ya wanadamu. Malisho, kwa muradi wa mada hii, ni ardhi ambayo mimea yake huota yenyewe na kuliwa na wanyama papo hapo. Nchi za Mediterania hupata mvua majira ya baridi, na kiangazi chake ni kikavu; majani ya msimu huchipua baada ya mvua za kwanza na kukauka joto linapozidi, na mnyama hubaki kutegemea vichaka na nyasi za kudumu mpaka mvua irudi. Fasili zatosha.

2. Stepi na watu wake

Stepi ya Algeria imelala baina ya milima ya Atlas ya Tell upande wa kaskazini na Atlas ya Sahara upande wa kusini, nayo ni takriban hekta milioni 20, yenye kupata mvua ya milimita 100 hadi 400 kwa mwaka. Mimea iliyoitawala tangu zamani ni halfa, nyasi ngumu iotayo kwa mashungi, na shihi, kichaka kifupi chenye harufu kali ambacho kondoo hukipenda. Halfa ilianza kudhurika mapema, maana katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikatwa kwa wingi na kupakiwa merikebuni kwenda Uingereza kutengenezewa karatasi.

Wafugaji wa huko waliishi kwa safari mbili: ashaba, safari ya kiangazi kwenda kaskazini kulisha mabua yaliyosalia mashambani baada ya mavuno ya ngano, na azaba, safari ya majira ya baridi ya kushuka ukingoni mwa Sahara. Faida kubwa ya safari hizo, ambayo aghalabu haiandikwi, ni kwamba stepi yenyewe ilipumzika. Sheria za ardhi za Wafaransa za mwaka 1863 na 1873 zilizigawa ardhi za makabila na kufungua mlango wa milki ya mtu mmoja mmoja. Kanuni ya Ufugaji ya mwaka 1975 ikaitia stepi katika milki ya dola. Na sheria ya mwaka 1983 ikampa mtu haki ya kumiliki ardhi aliyoiendeleza, ikawa kwa wengi kuendeleza ni kupitisha trekta lenye plau ya visahani juu ya shihi na kupanda nafaka mahali ambapo mvua haitoshi kuikomaza. Shihi iliyong'olewa hairudi kwa urahisi, na udongo uliolegezwa huchukuliwa na upepo. Katika mkoa wa Naâma mchanga umekuwa ukivamia barabara na makazi ya watu.

3. Tatizo la shayiri

Zamani ukame ulikuwa na hukumu yake, nayo ilikuwa kali: mvua ikikosa, mfugaji alihama mbali, au aliuza, au aliwaona kondoo wake wakifa, na mvua iliporudi ilikuta kundi dogo, mimea ikapata fursa ya kuota na kuangusha mbegu kabla kundi halijaongezeka. Hapana mtu mwenye insafu atakayetamani hukumu hiyo irudi, kwa kuwa iliwaangukia watoto wa mfugaji kama ilivyowaangukia kondoo wake. Dola ilipoagiza shayiri kutoka ng'ambo na kuiuza kwa bei nafuu ilikusudia rehema, na rehema hiyo ilistahili shukrani. Lakini shayiri ilikata uhusiano uliokuwapo baina ya mvua na idadi ya kondoo: tangu miaka ya 1960 kondoo wa stepi wamezidi maradufu, hali mimea ya kuwalisha inazidi kupungua, na katika mwaka mbaya sehemu kubwa ya chakula chao hutoka guniani.

Naomba wajumbe watazame kwa karibu yanayotendeka. Lori hufika kambini na magunia, boza likaleta maji, na shayiri ikamwagwa horini. Kondoo hula, lakini tumbo la mnyama mwenye kucheua haliwezi kwenda kwa nafaka tupu; lahitaji nyuzi, na likizikosa huchacha, mnyama akaugua. Basi asubuhi kondoo yule, akiwa na nguvu alizopewa na gunia, hutoka kutafuta chochote chenye nyuzi, na anachokikuta ni shihi ile ile aliyoiguguna jana, ambayo haijapata hata kuchipua. Kondoo wa zamani, katika mwaka kama huo, angekuwa amekwisha hama, amekwisha uzwa au amekwisha kufa. Huyu wa leo yupo, ana afya ya kutosha, na anaguguna mpaka shinani. Wanaosema kwamba kilo iliyoliwa horini ni kilo iliyookolewa porini wamehesabu chakula wakasahau kuhesabu siku, maana kichaka hakiuliwi na mlo mmoja mkubwa kama kinavyouliwa na kuliwa kila siku bila ya muhula.

Alama zake zaonekana wazi. Kuizunguka kambi, na kila kisima kilichochimbwa, pana duara la ardhi tupu iliyokanyagwa hata ikawa vumbi. Baada yake huja ukanda wa harmeli, mmea mchungu ambao kondoo hawaugusi, na kwa hiyo hustawi wenzake wanapotoweka. Na mbele zaidi husimama mashungi ya halfa yaliyokufa katikati, yameinuliwa juu ya mizizi yao yenyewe kwa kuwa udongo uliokuwa baina yao umepeperushwa. Mwenye kuliona shungi la namna hiyo hana haja ya kipimo kingine.

Hoja hii tumeiandika katika taarifa na tumeirudia katika mikutano, na jawabu limekuwa moja: kwamba jambo hili ni nyeti, kwani linagusa bei ya nyama, kondoo wa Idi na utulivu wa watu, kisha pendekezo letu la kuibadili ruzuku huhamishiwa katika aya ya mwisho ya maazimio, baada ya miti na visima. Uzito wa jawabu hilo naufahamu, wala si nia yangu kuilaumu idara yoyote. Hata hivyo, haifai kunyamaza juu ya nani anayefaidi. Mwenye lori na mamia ya kondoo hupata shayiri kwa shehena. Mfugaji mwenye kondoo wachache, asiye na chombo cha kuichukulia, huinunua kwa mchuuzi kwa bei ya soko, akauza jike baada ya jike, mwisho akawa mchungaji wa mifugo ya mwingine. Ruzuku iliyokusudiwa kumwokoa maskini yaishia kumkuzia tajiri kundi, na kundi hilo hulishwa katika ardhi ya wote.

4. Hatua zilizokwisha chukuliwa

Mapema katika miaka ya 1970 Algeria ilianza kazi kubwa ya Ukanda wa Kijani, ulionuiwa kutoka mpaka wa Moroko hadi wa Tunisia, mwendo wa kilomita 1,500 hivi, na vijana wa jeshi la kujenga taifa wakapanda msonobari wa Aleppo. Ari yao haina shaka. Lakini aina moja ya mti, katika udongo mfupi na mbele ya viwavi waharibifu, haikuweza kufanya kazi ya nyasi na vichaka, na wafugaji waliona ardhi yao inapungua. Kamisheni Kuu ya Maendeleo ya Stepi, iliyoundwa mwaka 1981, ilipata mafanikio yaliyo bora kwa kuifunga ardhi isichungwe kwa muda: pale ambapo mizizi ya shihi na halfa ilikuwa ingali hai, mimea ilirudi katika miaka michache. Dhahiri, basi, kwamba stepi haijafa. Ila ardhi ikifungwa huku, kundi likalishwa shayiri kule, mzigo umehamishwa tu.

Kufunga malisho si jambo geni kwa wafugaji wenyewe: katika nchi jirani ya Moroko, kwenye Atlas ya Juu, malisho ya Oukaïmeden hufungwa kwa desturi ya agdali tangu tarehe 15 Machi hadi 10 Agosti, na siku ya kufunguliwa huingia wote wenye haki kwa pamoja. Majani hupata kuchanua na kuangusha mbegu, na wenye kulinda ni wenyewe wenye mifugo.

5. Mapendekezo

(a) Ruzuku ya shayiri ifungamanishwe na kuhama au kupunguza kundi, isitolewe kwa kubaki mahali pamoja.

(b) Shayiri ya msaada igawiwe kaskazini, karibu na mashamba yenye mabua na majani makavu, ili kondoo apate nyuzi bila ya kurudi kwenye shihi.

(c) Dola inunue kondoo mapema, mara mvua ya kwanza inapokosa, wangali na nyama na bei.

(d) Kila mfugaji awekewe kiwango, na wenye makundi madogo wahudumiwe mwanzo, shayiri ikifikishwa kambini kwao.

(e) Njia za ashaba na azaba zitambuliwe kisheria na zisilimwe.

(f) Plau ya visahani ipigwe marufuku kwa vitendo mahali penye shihi.

(g) Kufunga malisho kuamuliwe pamoja na wafugaji, kwa tarehe zinazojulikana, kwa mfano wa agdali.

(h) Hapana kisima kipya kitakachochimbwa kabla ya kuafikiana ni makundi mangapi yatakunywa, na kwa miezi gani.

(i) Upandaji wa miti na vichaka vya lishe uendelee, lakini usihesabiwe kuwa badala ya pendekezo (a).

(j) Kiasi cha ruzuku na majina ya waliopewa yatangazwe kila mwaka katika kila mkoa.

6. Hitimisho

Waheshimiwa, mbuzi na kondoo wamelaumiwa katika vitabu vya Mediterania kwa muda mrefu, na mfugaji pamoja nao, hali mfugaji huyo alikuwa na elimu ya kuondoka kwa wakati. Shayiri ya bei nafuu ndiyo iliyomlipa abaki. Maadamu fedha hiyo ni ya umma na itaendelea kutolewa, twaweza kuigeuza imlipe aondoke. Nami naiomba semina hii iweke pendekezo (a) mwanzo wa maazimio yake, ambako idara husika italisoma kabla ya miti na visima.