Jiko hili ni mali ya nani?

Sasa uchambuzi. Mama lishe wa Mbamba Bay anapuliza kuni, moshi machoni, dagaa wakisubiri mafuta yachemke. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Tume ya sayansi, COSTECH, hugharimia utafiti kwa fedha za umma. Je, utafiti huo ukizaa jiko safi, hataza yake, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, iwe ya nani?

Marekani, kwa sheria ya 1980, iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki hataza za namna hiyo, serikali ikibaki na haki ya kutumia uvumbuzi bila malipo. Hoja ina uzito: pasipo ulinzi, nani atajenga kiwanda?

Lakini, msikilizaji, mwenye hataza huweza kuamua bei. Mkulima wa kahawa wa Mbinga, aliyekwishatozwa kodi kwenye kila mche wa sabuni, atalipia jiko hilohilo mara ya pili. Hiyo si haki.

Mkataba wa ruzuku ya utafiti uandikweje, jiko lifike Liuli kwa bei ya mama lishe, na mvumbuzi asiondoke mikono mitupu?