Simfoni Moja, Rekodi Tano: Ufufuo wa Gustav Mahler
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya)



Kamati ya jubilei ilinipa dakika kumi nizungumze juu ya muziki, mradi nisiguse bajeti. Nimechagua simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, na hasa ile ambayo kwaya huingia mwishoni: Simfoni ya Pili ya Gustav Mahler, inayojulikana kwa jina la Ufufuo. Nimeichagua kwa sababu ya ule ubishi ambao hakuna asiyeujua hapa. Wimbo wa ufunguzi wa albamu yetu uimbwe polepole kama ulivyo kwenye kanda ya zamani, au kwa mwendo ambao vijana wameuzoea? Kila upande unasema ndio wenye wimbo halisi. Basi tuone wenzetu waliotutangulia yaliwafika yapi.

Mahler alizaliwa mwaka wa 1860 huko Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, akafa Vienna mwaka wa 1911. Kazi hii aliianza mwaka wa 1888, akakwama asijue itaishaje. Mnamo Machi 1894 alihudhuria mjini Hamburg ibada ya mazishi ya Hans von Bülow, kiongozi mashuhuri wa okestra. Kwaya ikaimba wimbo wa ufufuo wenye maneno ya mshairi Klopstock, na papo hapo Mahler akaona mwisho wa simfoni yake. Alichukua beti mbili za Klopstock, mengine akayatunga mwenyewe. Wale wanaonung'unika tunapoitwa kuimba mazishini siku ya kazi wakumbuke kwamba kwaya ya mazishi ndiyo iliyomfungulia mlango.

Katika simfoni hii kwaya hukaa zaidi ya saa moja bila kufungua kinywa. Okestra inanguruma, inatulia, inanguruma tena. Kisha kutoka mbali, nje ya ukumbi, baragumu na tarumbeta zinaita, na ndani filimbi inajibu kama ndege. Baada ya hapo kwaya inaingia bila ala, kwa sauti ndogo kabisa. Besi wanashuka chini mno, na soprano mmoja anajitenga taratibu na wenzake, bila kuwapiga kumbo. Tena mmoja tu anayetaka asikike na mamake kule nyuma anaweza kuharibu kila kitu.

Rekodi ya kwanza ya simfoni hii ilifanywa Berlin, ikatoka mwaka wa 1924 chini ya Oskar Fried. Wakati huo hapakuwa na maikrofoni studioni. Wapigaji na waimbaji walisongamana mbele ya pembe kubwa iliyopeleka sauti kwenye sindano, nayo ikachora nta. Ukiisikiliza leo utasikia mkwaruzo mwingi, na sauti ndogo ya kwaya karibu inamezwa nao. Lakini Fried aliwahi kuiongoza kazi hii Berlin mwaka wa 1905, Mahler mwenyewe akiwa amehudhuria. Kwa hiyo tungetarajia ubishi uishie hapo.

Haukuishia hapo. Siku hiyo ya 1905 kijana Otto Klemperer ndiye aliyesimamia wapigaji wa nje ya ukumbi. Alisimulia baadaye kwamba baada ya zoezi alimwuliza Mahler kama kundi lake lilipiga vizuri. Mahler akamjibu kwamba ilikuwa vibaya sana, walipiga kwa kelele mno. Klemperer akajitetea kwamba nota zinataka nguvu. Mahler akasema ndiyo, lakini iwe ya kusikika kutoka mbali sana. Jioni Klemperer akawaambia wapigaji wapige polepole, yaani kwa sauti ya chini, na Mahler akaridhika. Mimi ni mwalimu, na napenda kilichoandikwa kiheshimiwe, lakini kisa hiki kimenifanya nisikilize kwanza kabla ya kuonyesha karatasi.

Klemperer alirekodi simfoni hii London kati ya 1961 na 1962, na okestra ya Philharmonia. Mwenzake Bruno Walter, aliyefanya kazi chini ya Mahler tangu Hamburg, aliirekodi New York kati ya 1957 na 1958, tayari akiwa mzee wa miaka themanini. Hawa wawili walimjua Mahler, walimwona akiongoza. Rekodi zao zinakaribiana kwa urefu, kama dakika 79 kila moja. Hata hivyo sikiliza mfululizo uone. Walter ana joto. Fidla zinateleza, na kwaya inaingia kama watu wanaofarijiwa. Klemperer hapambi kitu. Ni mkavu, anatembea wima, na mwisho wake umesimama kama ukuta wa mawe. Kwaya yake ilifundishwa na Wilhelm Pitz, na unasikia kila konsonanti. Wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja, saa inaonyesha karibu dakika zilezile, na bado si muziki uleule.

Leonard Bernstein yeye hakumwahi Mahler; alizaliwa mwaka wa 1918. Rekodi yake ya New York ya 1987 inapita dakika 90. Nota ni zilezile, dakika zaidi ya kumi zimeongezeka. Kuna mahali anachelewesha mpaka nataka kumsukuma kidogo mgongoni. Lakini kwaya inapoingia, ule upole wake unakuwa na maana: kila neno linafika likiwa na uzito wake, na mtu aliyefiwa karibuni hawezi kuisikiliza akiwa anaosha vyombo. Sipendi yote anayofanya, ila hapo ananishinda.

Ya tano ndiyo ningeomba waimbaji wetu waanze nayo. Ni ya Simon Rattle na okestra ya jiji la Birmingham, Uingereza, ya mwaka 1986. Kwaya yake ni ya watu wa kujitolea wasiolipwa, wanaotoka kazini jioni wakaenda zoezini kama sisi. Mwalimu wao alikuwa Simon Halsey. Sikilizeni wanavyoingia: hujui sauti ilianza lini. Hilo halitokani na maikrofoni ghali. Ni watu wengi waliokubaliana kuvuta pumzi pamoja, na waliofika mazoezini.

Sasa kuhusu albamu. Kanda yetu ya zamani iliimbwa na watu waliofundishwa na mwanzilishi wetu, na wengine wao wameketi hapa leo. Siwezi kumwambia mzee wa besi aliyeimba siku ile kwamba mwendo wake ulikuwa mbaya. Pia siwezi kuwaambia vijana kwamba kuwahi kumjua mwalimu kunamaliza shauri, maana Walter na Klemperer walimjua. Pendekezo langu kwa kamati ni kwamba wimbo uingie mara mbili: wazee waurekodi kwa mwendo wao, mwanzoni, na kwaya ya sasa iurekodi mwishoni. Studio inatoza kwa saa, najua, na nimeahidi kutogusa bajeti, kwa hiyo hesabu namwachia mweka hazina.

Jumatano baada ya zoezi tutasikiliza pale ukumbini mahali kwaya inapoingia, kwanza Klemperer, halafu Bernstein, halafu Rattle. Besi waketi mbele. Simu zizimwe, tafadhali, kwa sababu ile sauti ya kwanza ni ndogo sana.