Kutoka Ilula Mpaka Mbeya, kwa Ndege na kwa Gari



Leo twapenda kusema nanyi habari ya mwendo ulio baina ya Iringa na Mbeya, kwa kuwa jambo hilo lilitushindanisha nyumbani kwetu Ilula usiku mmoja.

Habari ilitujia saa tatu ya usiku kwamba mama yetu mdogo amelazwa Mbeya, hali yake si njema, naye awauliza watoto wa dada yake. Ndugu yetu mdogo akatwaa ramani ya shule, akapima kwa uzi, akasema, “Kaka, toka Iringa ni kama kilomita 275 tu. Ndege iendayo kilomita 500 kwa saa itatufikisha kwa dakika 33!”

Uzi wake haukusema uongo. Aendaye angani moja kwa moja hupita juu ya mbuga za Usangu na kinamasi cha Ihefu, yanapokusanyika maji ya Ruaha Mkuu. Barabara haiwezi kuufuata uzi huo. Hushuka kusini kwa njia ya Mafinga hata Makambako, ndipo igeukapo magharibi, ikapita chini ya milima kwa Igawa, Chimala na Igurusi mpaka Uyole. Hivyo zile 275 huwa kama 330. Tena sisi wa Ilula hatukai Iringa. Twaongeza kama 45 nyingine kabla ya kufika Ipogolo, chini ya mji.

Tukahesabu upya, taa ikiwa mezani. Kutoka Ilula mpaka uwanja wa Nduli, saa moja. Kungoja na kukaguliwa mizigo, saa moja. Kupaa, kwenda na kutua, dakika 45, maana ndege haianzi kwa mbio zake zote. Na uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, uko magharibi ya Mbeya yapata kilomita 20, hata abiria huupita mji kisha akaurudia kwa gari. Jumla saa tatu na nusu. (Mbeya si mgeni wa ndege: mwaka 1932 ndege za Imperial Airways, katika safari ya London na Cape Town, zilikuwa zikitua huko.)

Basi la abiria haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na penye vijiji ni 50. Navyo vijiji vya njia ile ni vingi. Pamoja na vituo, tulikadiria saa saba. Ndugu yetu akacheka kwa furaha, maana ndege imeshinda.

Ndipo mama wa nyumba yetu, aliyekuwa akifunga mizigo kimya, akauliza, “Na ndege hiyo yaondoka lini?”

Hatukuwa na jibu. Hesabu yetu yote ilisahau kungojea siku. Saa saba za basi zilianza kesho alfajiri. Zile tatu na nusu hatukujua zingeanza lini.

Tuliondoka saa kumi na moja ya alfajiri. Makambako tulikaa sana, abiria wakishuka na kupanda, na kabla ya Chimala tulikokotana nyuma ya malori yaliyolemewa. Tulifika saa saba ya mchana, saa nane kamili tangu mlangoni petu.

Mama mdogo alikuwa macho. Aliuliza kwanza kama tumekula, kisha akauliza kwa nini hatukumletea nyanya za Ilula.