Baada ya 1863: Urithi wa Moshi na Wajibu Wetu

Mhadhara wa umma, Majengo, Moshi



Watalii wanapita mjini kwetu wakielekea Machame na Marangu. Analala mtu usiku mmoja, kesho yake anaanza safari ya Kibo, mita 5,895. Akishuka anaondoka zake. Mlima wenyewe una wenyewe: ni Hifadhi ya Taifa tangu 1973, na UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mimi leo nazungumzia kilichopo chini ya mlima. Sehemu kubwa ya historia ya Moshi tunayoweza kuionyesha kwa kidole ni ya miaka 150 hivi iliyopita, na sheria ya nchi haiilindi mpaka mtu aiombee ulinzi. Mtu huyo hana budi kuwa sisi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na magofu ya kabla ya 1863. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Kaole yamo ndani ya mstari huo. Moshi je? Tutembee kidogo.

Tupande kwanza Old Moshi. Huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga na Wameru. Wazee wamesimulia tangu wakati huo kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 2019 yalifunguliwa huko huko Old Moshi maonyesho ya historia yake. Mwaka 2023 ikatangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule na watu walio hai hapa Tanzania, na fuvu moja likahusishwa na mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe bado linatafutwa. Mahali pazito kiasi hicho pamezaliwa miaka 37 baada ya mstari wa sheria.

Tushuke stesheni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na mji huu wa chini ukakua kuizunguka, ukaiacha Moshi ya juu ikiitwa ya zamani. Kisha twende jengo la KNCU. Wakulima wa kahawa wa mlimani waliunda chama chao mwaka 1925 huku walowezi wakipinga Mwafrika kulima arabika. Mwaka 1933 kikaja Chama Kikuu cha Ushirika kwa jina la KNCU. Kahawa ya vihamba ilisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Mwanafunzi anayetaka kujua Mwafrika alivyojipangia biashara yake chini ya mkoloni aanzie mlangoni pale.

Sasa turudi hapa Majengo. Itazameni nyumba ya Kiswahili kama zilivyojengwa katika mitaa ya namna hii: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma uwani penye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Baraza ni mahali pa kahawa na mashauri. Ukumbi ni njia ya wapangaji wote. Uwani ni himaya ya kina mama, na huko ndiko shughuli za harusi na misiba zinakopikiwa. Nyumba hiyo iliwakutanisha Mpare, Mchagga, Msambaa na mtu wa pwani chini ya paa moja, wakaelewana kwa Kiswahili. Sheria ya 1964 inautaja na kuulinda mlango wa mbao wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Nyumba iliyoubeba mlango huo haimo. Ikibomolewa leo kupisha ghorofa, hakuna kosa lililotendeka.

Wenzetu wa mbali walipitia hali hii. Mjini Dublin, Ireland, kuna gereza la Kilmainham, ambako Waingereza waliwapiga risasi viongozi 14 wa uasi wa mwaka 1916. Lilifungwa mwaka 1924, likaachwa kuoza. Mwaka 1960 raia wa kawaida walijitolea kulikarabati kwa mikono yao. Mwaka 1966 likafunguliwa kuwa makumbusho, na serikali ikalichukua rasmi mwaka 1986. Wananchi walitangulia miaka 26. Leo ni miongoni mwa mahali panapotembelewa sana nchini mwao.

Nasi tuna nafasi hiyo, kwa kuwa sheria ile ile inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo la baada ya 1863 kuwa la kulindwa. Hawezi kulitangaza asilolijua. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mtaa uandike orodha ya majengo yake ya zamani: picha, mwaka, mjenzi, na jina la mzee anayejua habari zake. Pili, Halmashauri ya Manispaa iipokee orodha hiyo na kuiwasilisha kwa maombi rasmi, Old Moshi, stesheni na jengo la KNCU yakiwa mbele. Tatu, vijana wetu wafundishwe kuongoza wageni mjini, ili yule anayelala usiku mmoja apate sababu ya kulala wa pili, na fedha yake ibaki kwa mama lishe na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba asiogope. Kulinda si kumnyima mtu haki ya kukarabati wala kupangisha. Ni kukubaliana kipi kibaki na nani asaidie gharama. Wazee wanaojua nani alijenga wapi wanapungua kila mwaka, na orodha haihitaji bajeti ili ianze. Daftari na kalamu vinatosha, na wenye habari wamo humu ukumbini. Naomba tusitawanyike kabla ya kila mtaa kutaja jina la mwandishi wake.